Horace Greeley: Mhariri aliyeponzwa na sahihi yake

KATIKA minada ya nyaraka za kale nchini Marekani, barua za Horace Greeley hazihesabiwi kuwa adimu. Mwanzilishi huyo wa gazeti la New York Tribune aliandika barua nyingi mno katika maisha yake ya miaka 61. Aliwaandikia marais, wakulima, washairi wenye madeni na vijana waliomwomba ushauri, na wengi wao walizihifadhi.

Kinachowasumbua wakusanyaji wa barua zenye sahihi za wahariri mashuhuri wa zamani si kuzipata barua za Greeley, bali ni kuzisoma. Mwandiko wake ulikuwa mbaya kupindukia. Inaelezwa kuwa katika chumba cha uchapaji cha Tribune walikuwapo wapanga herufi wachache tu walioweza kuufumbua, na tahariri yake ikiangukia mikononi mwa mgeni, kazi ilisimama. Mwandishi Mark Twain aliufanyia mzaha mwandiko huo katika kitabu chake Roughing It cha mwaka 1872, akibuni kisa cha mtu aliyepokea barua ya Greeley kuhusu kilimo na kuisoma kila mara kwa maana mpya.

Kipo pia kisa, ambacho huenda kilitiwa chumvi na wasimulizi, cha mfanyakazi aliyefukuzwa kazi kwa barua ya Greeley. Mtu huyo alikwenda kuitumia barua ileile kama hati ya kumsifu alipoomba ajira kwingine, kwa kuwa hakuna aliyeweza kusoma kilichoandikwa isipokuwa sahihi iliyokuwa chini yake.

Sahihi hiyo ndiyo iliyobeba uzito. Kwa takriban miaka 30 jina la Greeley lilikuwa miongoni mwa majina yaliyojulikana zaidi katika taifa hilo, na mara kadhaa alilitia chini ya karatasi ambazo mtu mwoga angeziacha bila jina. Karatasi moja kati ya hizo, aliyoitia sahihi mahakamani mwaka 1867, ilimkosesha maelfu ya wasomaji.

Greeley alizaliwa Februari 3, 1811, katika shamba lililokuwa karibu na mji wa Amherst, jimbo la New Hampshire. Baba yake, Zaccheus, alikuwa mkulima aliyezama katika madeni hadi akapoteza shamba, na familia ikalazimika kuhamia Vermont kuanza upya kwa vibarua. Mtoto huyo alijifunza kusoma akiwa mdogo sana, na habari zake zilienea vijijini kwamba angeweza kusoma kitabu hata kikiwa kimegeuzwa juu chini.

Akiwa na miaka 15, mwaka 1826, alipelekwa kujifunza uchapaji katika gazeti dogo la Northern Spectator mjini East Poultney, Vermont. Huko ndiko alikopata elimu yake ya kweli. Hakusoma chuo chochote. Alijifunza kuunda sentensi akiwa amesimama mbele ya masanduku ya herufi za risasi, na pengine hiyo ni sababu mojawapo iliyofanya vidole vyake viizoee herufi ya chuma kuliko kalamu.

Gazeti hilo lilipofungwa mwaka 1830, Greeley alihangaika kutafuta kazi hadi Pennsylvania, na Agosti 1831 akaingia jijini New York akiwa na takriban Dola 10 na mzigo mdogo wa nguo. Kazi yake ya kwanza jijini humo ilikuwa kupanga herufi za Agano Jipya lenye maandishi madogo sana, kazi ambayo wengine waliikataa kwa ugumu wake.

Mwaka 1834 alianzisha jarida la kila wiki lililoitwa New-Yorker, ambalo lilisifiwa na wasomaji lakini halikumpa faida. Sababu ni ile inayowauma wachapishaji wa nchi zote: wengi walijiandikisha kulipokea, wachache wakalilipia. Alijikimu kwa kuhariri magazeti ya kampeni ya chama cha Whig, likiwamo Log Cabin la mwaka 1840, ambalo lilisaidia kumwingiza Ikulu Jenerali William Henry Harrison.

Harrison alifariki mwezi mmoja tu baada ya kuapishwa. Aprili 10, 1841, siku ambayo New York ilikuwa na maandamano ya kumwomboleza, Greeley alitoa toleo la kwanza la Tribune likiuzwa senti moja. Alichapa nakala 5,000 na, kama alivyokuja kukumbuka baadaye, alipata taabu hata ya kuzigawa bure zile zilizokosa wanunuzi.

Mwaka huohuo alimpata mshirika, Thomas McElrath, aliyejua hesabu, na gazeti likasimama. Toleo lake la kila wiki lilipelekwa kwa posta hadi vijiji vya mbali vya magharibi, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1860 lilikuwa likichapwa zaidi ya nakala 200,000. Mkulima wa Ohio au Illinois ambaye hakuwahi kuliona jiji la New York alimjua Greeley kama anavyomjua mchungaji wa kanisa lake.

Greeley aliwaajiri watu ambao wahariri wengine wangewaogopa. Mwaka 1844 alimchukua Margaret Fuller kuandika uhakiki wa vitabu na masuala ya jamii, wakati ambapo wanawake katika vyumba vya habari walikuwa wa kuhesabika. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1850 hadi mwaka 1862, Tribune lilichapisha makala kutoka London za Karl Marx, baadhi yake zikiwa zimeandikwa na rafiki yake Friedrich Engels. Gazeti lililosomwa na wenye maduka wa New York lilikuwa likimlipa Marx.

Yeye mwenyewe alikuwa kivutio. Alitembea mjini akiwa na koti jeupe lililochakaa na kofia pana, mifuko imejaa makaratasi. Alipinga pombe na tumbaku na kwa muda alifuata mlo usio na nyama. Hata mkewe, Mary Cheney, alikutana naye katika nyumba ya wapangaji iliyofuata mlo huo. Walioana mwaka 1836. Walipata watoto saba, lakini ni mabinti wawili tu walioishi baada yake. Msiba uliomvunja zaidi ulikuwa wa mwanawe Arthur, aliyefariki kwa kipindupindu mwaka 1849 akiwa na miaka mitano. Habari za kifo hicho alimwandikia Margaret Fuller, ambaye wakati huo alikuwa Italia na aliyewahi kuishi nyumbani kwao.

Watu wa enzi hizo walikuwa na mtindo wa kuwaandikia mashuhuri kuwaomba sahihi. Mkusanyaji alinunua stempu, akatunga sababu ya kuandika, kisha akasubiri majibu ambayo angeyabandika katika daftari. Greeley alipokea maombi ya namna hiyo kwa wingi, na moja kati ya hayo alilisimulia katika kumbukumbu za maisha yake zilizotoka mwaka 1868. Kijana mmoja alimwandikia kumuuliza kama anayo sahihi yoyote ya marehemu mshairi Edgar Allan Poe ambayo angekuwa tayari kuitoa.

Greeley alimjibu kwamba anayo moja, imo katika hati ya deni la Dola 50 ambalo Poe aliahidi kulipa, na nyuma ya hati hiyo ipo sahihi ya Greeley mwenyewe. Akamwambia kuwa anaweza kuichukua kwa nusu ya bei. Poe alikopa fedha hizo mwaka 1845 ili kulinusuru jarida lake la Broadway Journal, na hakuzilipa hadi kufa kwake mwaka 1849. Kijana yule hakuinunua. Mkusanyaji yeyote akikisoma kisa hicho lazima aumie moyo, maana karatasi moja yenye sahihi za watu hao wawili ni kitu ambacho wengi wangekitafuta maisha yao yote.

Wakusanyaji wenye uzoefu hawaangalii jina peke yake. Barua iliyoandikwa yote kwa mkono wa mwenyewe huthaminiwa kuliko ile iliyoandikwa na karani na kutiwa sahihi tu, na inayozungumzia jambo zito hupita kwa mbali ile ya kukubali mwaliko wa chakula. Kwa Greeley tofauti hiyo ni kubwa kuliko kawaida. Zipo barua zake fupi za kukubali au kukataa kutoa mihadhara, ambazo mtu wa kipato cha wastani anaweza kuzimiliki. Halafu zipo barua tatu au nne zilizogeuza maisha yake.

Ya kwanza aliiandika Novemba 11, 1854, kwa Seneta William Seward. Kwa miaka mingi Greeley, Seward na mwanasiasa wa Albany, Thurlow Weed, walishirikiana kuendesha siasa za jimbo la New York. Wenzake walipata vyeo. Yeye alipata kazi ya kuwapigia debe. Mwaka huo alitamani kuteuliwa kugombea ugavana, akanyimwa. Nafasi ya pili, ya naibu gavana, ikapewa Henry Raymond, mtu aliyewahi kuwa msaidizi wake na ambaye mwaka 1851 alianzisha gazeti la New York Times kushindana naye.

Katika barua hiyo ndefu Greeley alitangaza kwamba ushirika wao umevunjika, na mshirika anayejitoa ni yeye. Aliorodhesha machungu yote, tangu miaka ya umaskini wake. Seward aliiweka kimya kimya. Mwaka 1860, katika mkutano mkuu wa chama cha Republican mjini Chicago, Seward aliyetarajiwa na wengi kuteuliwa kugombea urais aliangushwa, na Abraham Lincoln akapita. Greeley alikuwamo ukumbini kama mjumbe wa jimbo la Oregon, akifanya kampeni dhidi ya rafiki yake wa zamani.

Raymond aliandika kuwa hicho kilikuwa kisasi, na kwamba ipo barua ya kuthibitisha. Greeley akataka barua itolewe hadharani. Ilipotolewa, aliichapisha yote katika Tribune mwezi Juni mwaka huo. Wahariri wengi wangeikana au wangedai imetiwa maneno. Yeye alikubali kuwa ni yake, na nchi nzima ikasoma manung'uniko aliyoyaandika kwa siri miaka sita nyuma.

Barua ya pili ni ya aibu zaidi. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza mwaka 1861, Tribune lilipiga kelele siku baada ya siku kulitaka jeshi la Kaskazini lisonge hadi Richmond, makao makuu ya majimbo ya Kusini yaliyojitenga. Jeshi ambalo halijafunzwa vizuri lilikwenda, na Julai 21 likapigwa vibaya katika mapigano ya Bull Run. Lawama zote zikamwangukia Greeley, ingawa wito huo ulikuwa umetungwa na mwandishi mwingine wa gazeti lake.

Usiku wa Julai 29 alimwandikia Rais Lincoln. Alisema hajalala kwa siku saba, akamweleza Rais kwamba kama waasi hawawezi kushindwa, basi aseme, na amani ifanywe kwa masharti yao. Mtu aliyekuwa akiisukuma nchi vitani alikuwa tayari kusalimu amri wiki moja baada ya pigo la kwanza. Lincoln hakumjibu na hakuitoa barua hiyo kumwaibisha. Aliihifadhi, na ilikuja kuchapishwa baada ya wote wawili kufa.

Mwaka uliofuata Greeley alijirudi. Agosti 20, 1862, alichapisha barua ya wazi kwa Rais, iliyobeba jina lake chini, akimlaumu kwa kulegalega katika suala la utumwa na kumtaka atekeleze sheria ya kuwaachia huru watumwa wa waasi. Alidai kusema kwa niaba ya watu milioni 20. Lincoln alimjibu siku mbili baadaye, naye kwa barua ya wazi iliyotoka kwanza katika gazeti la Washington, akieleza kuwa lengo lake kuu ni kuuokoa Muungano, iwe kwa kuwaachia watumwa au la. Greeley hakujua kwamba rasimu ya tangazo la kuwaachia huru watumwa ilikuwa tayari, na kwamba Baraza la Mawaziri lilikwisha kusomewa mwezi Julai. Tangazo lilitolewa Septemba 22.

Msimamo huo ulikuwa na gharama. Julai 1863, ghasia za kupinga uandikishaji wa lazima jeshini zilipolipuka New York, umati uliokuwa ukiwaua watu weusi mitaani ulilivamia pia jengo la Tribune ukimtafuta Greeley.

Vita viliisha mwaka 1865. Jefferson Davis, aliyekuwa rais wa majimbo yaliyojitenga, alikamatwa mwezi Mei na kufungwa katika ngome ya Monroe, Virginia. Miaka miwili ikapita bila kufikishwa mahakamani. Greeley, aliyeupinga utumwa kwa nguvu zake zote, alianza kuandika kwamba serikali inayojigamba kwa katiba haiwezi kumweka mtu kizuizini bila kikomo: ama ashtakiwe, ama aachiwe.

Mei 13, 1867, katika mahakama ya Richmond, Davis aliachiwa kwa dhamana ya Dola 100,000. Miongoni mwa waliodhamini alikuwamo tajiri Cornelius Vanderbilt, aliyewakilishwa na mtu mwingine, na Gerrit Smith, mpinzani maarufu wa utumwa. Smith huyu naye alikuwa na historia ya sahihi: mwaka 1864, katika maonyesho ya kuwachangia askari mjini Albany, alinunua tiketi 1,000 za bahati nasibu kwa Dola moja kila moja, akashinda rasimu ya tangazo la awali la ukombozi iliyoandikwa kwa mkono wa Lincoln. Greeley hakumtuma mtu. Alisafiri mwenyewe hadi Richmond, akaweka sahihi mbele ya hakimu.

Hasira iliyofuata haikuwa na mfano. Familia zilizopoteza watoto vitani ziliona kuwa mhariri wao amewasaliti. Maelfu waliacha kununua Tribune la kila wiki. Historia ya vita aliyoiandika, The American Conflict, ambayo juzuu yake ya pili ilikuwa imetoka mwaka 1866 na kuuzwa kwa wingi, ilikwama ghafla, kwani waliokuwa wameiagiza waliikataa.

Klabu ya Union League ya New York, iliyokuwa ya matajiri waliounga mkono Muungano, iliitisha kikao cha kumjadili. Greeley alikataa kuhudhuria. Badala yake aliwaandikia barua ya wazi ambayo hadi leo ni kati ya barua kali kuwahi kutoka kwa mhariri kwenda kwa watu wenye fedha. Aliwaita vichwa vigumu, akawatangazia kwamba watoto wao wataiona sahihi ile kuwa tendo lake la busara kuliko mengine yote, akawapa changamoto ya kumfukuza. Kikao kilifanyika, na hakikumfukuza. Davis hakuhukumiwa kamwe. Kesi yake ilifutwa Februari 1869.

Unaweza kusema Greeley alikosea mambo mengi ya siasa, na kweli alikosea. Alikuwa mwepesi wa kukata tamaa na alipenda vyeo kuliko alivyokiri. Lakini katika jambo la dhamana, ambalo lilimgharimu zaidi, hakuna msukumo wa cheo unaoonekana. Alikuwa na kila sababu ya kubaki ofisini kwake New York siku hiyo.

Tamaa ya cheo ilikuja kumwangusha mwaka 1872. Kundi la Republican waliochoshwa na ufisadi katika utawala wa Rais Ulysses Grant lilimteua kugombea urais, na chama cha Democratic, alichokitukana maisha yake yote, nacho kikamuunga mkono. Mchoraji wa katuni Thomas Nast alimdhihaki wiki baada ya wiki, na dhamana ya Davis ikafufuliwa. Mkewe alifariki Oktoba 30, siku chache kabla ya uchaguzi. Novemba 5 alipata zaidi ya kura milioni 2.8 lakini akashinda majimbo sita tu.

Alirudi Tribune akitumaini kushika tena kiti chake. Novemba 7 gazeti lilichapisha tangazo lake la kurejea kazini, na katika toleo hilohilo ikatoka makala ya kejeli juu ya watafuta vyeo waliokuwa wakimsumbua, makala ambayo hakuiandika wala kuiidhinisha. Greeley aliandika maelezo mafupi ya kuikana. Whitelaw Reid, aliyeachiwa gazeti wakati wa kampeni, hakuyachapisha. Kwa mara ya kwanza katika miaka 31, karatasi yenye maneno ya Greeley ilikataliwa na gazeti la Greeley.

Afya na akili yake viliporomoka kwa kasi. Alifariki Novemba 29, 1872, kabla ya wajumbe wa uchaguzi kupiga kura. Wajumbe watatu wa Georgia walimpigia hivyohivyo akiwa marehemu, na Bunge likakataa kuzihesabu kura hizo. Rais Grant, aliyemshinda, alikuwapo kwenye mazishi yake. Alizikwa katika makaburi ya Green-Wood, Brooklyn, na Reid akaendelea kulimiliki gazeti.

Sehemu kubwa ya barua zake zilizobaki imehifadhiwa katika Maktaba ya Umma ya New York na katika Maktaba ya Bunge la Marekani, ambako pia zimo karatasi za Lincoln. Nyingine zimo mikononi mwa watu binafsi, zikibadilisha wamiliki kila zinapopigwa mnada. Wino wa zama zile ulikuwa na madini ya chuma yanayoila karatasi taratibu, hivyo wanaozijali huziweka mbali na mwanga wa jua na hawazigusishi gundi.

Vipo pia vipande vidogo vyenye jina lake tu. Hivyo ni masalia ya mtindo wa wakusanyaji wa zamani, waliokata sahihi kwa mkasi, wakaibandika katika daftari, na barua yenyewe, kwa kuwa hawakuweza kuisoma, wakaitupa.